Magazeti ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 14 Machi 1994. Maringo

Tangazo limetoka. Rafiki yangu Mukami, anayeutaka mtihani huu pia, alilikata kwenye gazeti la baba yake, akalitia ndani ya Biblia lisikunjike, akaniletea shuleni nikiwa nimepiga magoti nafunga kamba za viatu vya watoto. Serikali inatafuta makarani. Mtihani ni Jumamosi, tarehe 25 Juni, karatasi tatu: Hesabu, Kiingereza na Matukio ya Sasa. Mwombaji asiwe ametimiza miaka thelathini siku ya mtihani.

Mimi natimiza thelathini tarehe 20 Julai. Nimehesabu kwa vidole kama wanafunzi wangu wa chekechea, mara mbili. Nimeponea kwa siku ishirini na tano. Mwaka ujao sitakuwa na ruhusa hata ya kuchukua fomu.

Hesabu naiweza, Kiingereza nakiweza. Matukio ya Sasa ndiyo yaliyoniangusha mwaka wa 1991, nilipomtaja kwa mbwembwe waziri aliyekuwa ameondolewa miezi mitano kabla. Nilipotoka nje na kuambiwa, niliona aibu mpaka nikapanda basi lisilo langu. Safari hii nataka mpango.

Jumanne, 15 Machi

Mpango wa Mukami ni huu: atatazama habari za saa moja kwenye televisheni, kwao Buruburu, miguu ikiwa juu ya kochi, halafu ataandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Ananialika niende. Nimekataa kwa adabu. Mtu akisoma kwenye kochi la aina ile atalala tu.

Mpango wangu ni ukuta.

Niandike vizuri kuhusu chumba hiki, maana nimeishi ndani yake miaka yote na sijawahi kukiandika. Nyumba yenyewe ni ya Baraza la Jiji, ya mawe. Chumba cha nyuma ni cha Baba. Alikijenga kwa mbao za masanduku na mabati, Mama alipomzaa Mourine baada yangu na tukawa hatutoshi. Upepo ulipita kwenye nyufa kama uliokuwa na funguo. Kwa hiyo Baba akabandika magazeti. Alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali mjini, yule wa kupeleka mafaili na kuleta chai, na wakubwa wakishamaliza gazeti walimwachia. Kila Jumamosi Mama alipika uji mzito wa unga wa ngano, na Baba akabandika.

Sisi tulijifunza kusoma hapa. Jioni kabla ya ugali, Baba alitusimamisha ukutani, mimi na Mourine. Kila mmoja alisoma habari moja kwa Kiingereza, kisha akaieleza kwa Kiswahili. Baba alisikiliza akiwa ameketi kitandani, mikono magotini, bado amevaa ile sare ya kaki. Kisha alisema neno moja kati ya mawili. Ama "Sahihi," ama "Rudia." Akisema "Rudia" nilijua nimekosea, nikarudia polepole, huku ugali unapoa. Mourine, ambaye siku hizi ameolewa Webuye, anasema mpaka leo hapendi kusoma barua mbele za watu. Mimi naukumbuka wakati ule kwa furaha sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu Baba alikuwa akitutazama midomoni, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kunisikiliza namna ile.

Basi: ukuta wa dirisha ni Kenya. Ukuta wa mlango ni Afrika. Ukuta wa kitanda ni ulimwengu. Mukami atanipa magazeti ya jana ya baba yake. Kila siku nikitoka shule nitabandika, na kabla ya kulala nitasoma nikiwa nimelala chali.

Jumamosi, 19 Machi

Nimebandika kutwa. Mama amepika uji wa gundi huku akinung'unika kwamba unga ule ulikuwa wa mandazi. Mimi naupaka ukuta uji, yeye ananikabidhi kurasa. Alisimama kidogo akiangalia, akasema, "Hata yeye alikuwa anatoa ulimi nje hivyo hivyo akibandika." Nikaurudisha ulimi ndani.

Alhamisi, 24 Machi

Mukami amekuja kuukagua ukuta wangu. Alisoma habari ya Afrika Kusini na uchaguzi wao unaokuja, akafika mwisho ambapo pameandikwa kwamba inaendelea ukurasa wa pili. Akauliza ukurasa wa pili uko wapi.

Uko nyuma ya ukurasa wa kwanza. Umeshikana na mbao.

Nilizunguka chumba chote. Habari kumi na tisa zinaendelea ndani ya ukuta. Mukami alicheka mpaka akaketi sakafuni na sketi yake nzuri ya mistari. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Siku tano nimekuwa nikisoma vichwa na kuizika miili.

Jumatatu, 28 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi la Jogoo Road likilowa imenirudisha hadi darasa la pili.

Ijumaa, 8 Aprili

Ndege iliyowabeba marais wawili, wa Rwanda na wa Burundi, imeangushwa Kigali juzi jioni. Redio inasema mauaji yameanza mjini. Hili bila shaka litaulizwa, nikachukua kalamu niandike. Niliandika tarehe na jina la mji, halafu nikaona aibu kwamba nilikuwa nimewaza mtihani kwanza.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua, na Mulama. Ndugu yangu huyu mdogo ana miaka ishirini na mbili, ni kibarua katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, na kila akinyeshewa anakuja kunyoosha kidole kwenye paa langu. Anataka chumba kibomolewe. Kuna matone mawili tu, moja juu ya Kenya na moja katikati ya kitanda. "Sista, hii kitu imeoza," ameniambia. "Unasomea kwa sanduku." Nikamjibu kwamba sanduku hilo lilijengwa na baba yake. Akasema yeye hamkumbuki akijenga kitu. Kweli, Baba alipofariki mwaka wa 1981 Mulama alikuwa na miaka tisa, na Baba alikuwa ameshaacha kutusomesha ukutani. Lakini nilimjibu vibaya.

Jumanne, 19 Aprili

Magazeti ya wiki yameletwa na Mukami. Nilifungua picha moja ya Rwanda, barabara na waliolala kandokando yake. Uji ulikuwa tayari. Mama aliichungulia, akaifunua tena, akaikunja mara nne na kuniambia taratibu, "Hapa ndipo tunalala, Triza."

Sikuibandika. Nimeiweka ndani ya sanduku la nguo na nimejilazimisha kuisoma yote, mchana, nikiwa nimeketi wima. Hayo si ya kusoma mtu akiwa amelala chali.

Alhamisi, 28 Aprili

Afrika Kusini wanapiga kura. Picha ya foleni imechukua upana wa ukurasa mzima, watu ni wengi hata huwezi kuona mwisho. Mama alimtafuta mtu anayefanana na marehemu shangazi yake, akampata, karibu na ukingo. Nimeibandika ukutani mwa Afrika kwa furaha na sikukumbuka kutazama nyuma yake kuna nini. Sijifunzi.

Jumamosi, 30 Aprili

Feri imezama Mtongwe, huko pwani, jana asubuhi. Watu walikuwa wanaenda kazini. Mwalimu mwenzangu ana binamu Likoni na hajapata habari. Leo sikubandika kitu.

Alhamisi, 5 Mei

Naandika nikiwa jikoni kwa Mama, daftari juu ya magoti. Chumba hakikaliki.

Mvua ilianza kabla ya alfajiri na haikupumzika. Nilipotoka shule saa saba nilikuta upepo umeinua bati moja upande wa mlango, na maji yalikuwa yakiteremka kwenye ukuta wa Afrika tangu sijui saa ngapi. Gundi ilikuwa imerudi kuwa uji. Foleni yote ya Afrika Kusini, wiki sita za kazi yangu, ilikuwa imeteleza ikajikunja juu ya kitanda, na wino ulikuwa umeingia kwenye shuka. Nilisimama mlangoni na viatu vya matope nikalia kwa sauti. Sikulilia magazeti. Nililia kwa sababu zimebaki wiki saba na sijui kitu, na Januari nitakuwa tena shuleni nikiwafunga watoto kamba za viatu, na Januari ya pili, na ya tatu.

Mulama alirudi mapema, maana kiwanda kilikuwa kimefurika. Nilimngojea aseme, "Si nilikwambia?" Hakusema. Alipanda juu na gunia la plastiki na mawe akalizuia lile bati, akashuka amelowa mpaka kwenye soksi, akaanza kubandua yaliyobaki ili mbao zipate kukauka. Mukami naye akafika, ametoka Buruburu kwa miguu, magazeti ameyafunga kwenye mifuko miwili na yeye mwenyewe hana mwavuli. Nilikuwa nimemwita mtoto wa kochi moyoni mwangu. Nalifuta neno hilo hapa.

Chini ya magazeti yangu palikuwa na magazeti ya Mama, aliyoyabandika baada ya Baba kufariki: matangazo ya mafuta ya kupikia, arusi, mpira. Ameyapaka gundi kotekote kama mtu anayepiga plasta. Chini ya hayo, makavu kabisa, ya rangi ya chai, yalikuwa magazeti ya Baba.

Mulama alivuta moja. Halikubanduka, liliinuka. Akaliachilia likarudi. "Mbona hizi zimeshikwa juu tu?" aliuliza.

Nikamwambia Baba alikuwa mbahili wa gundi. Nakumbuka vizuri. Magazeti yetu yalikuwa yakichezacheza usiku, Mama analalamika kwamba upepo unapita na watoto wanakohoa, na Baba anasema unga ni wa kula. Ilikuwa hadithi ya nyumbani, tukiieleza kila Krismasi na kucheka.

Mulama aliinua tena ukurasa ule, safari hii mpaka juu, kama pazia. Upande wa nyuma ulikuwa umejaa penseli.

Maneno yalikuwa yamepigiwa mistari. Pembeni, kwa herufi ndogo zilizonyooka, yaliandikwa maana zake kwa Kiswahili: ukame, mkataba, kujiuzulu. Mbele ya kila neno palikuwa na herufi na tarehe. T, 3/9/73. M, 4/9/73. T, 10/9/73. Tuliinua ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Kila mmoja ulikuwa hivyo hivyo, mbele na nyuma. Mukami ndiye aliyesema, polepole, kana kwamba anaogopa kutuvunjia kitu. "Triza. T si ni wewe?"

Halafu nikaliona moja. Habari ilikuwa ya bajeti, na picha ya waziri akiinua mkoba wake mbele ya Bunge. Pembeni, mbele ya neno "budget", Baba ameandika: "Mfuko wa waziri. T, 15/6/73."

Nilikuwa na miaka minane. Nilitazama picha nikakisia, kwa ujasiri wote. Naye alisema, "Sahihi."

Mulama alikuwa bado ameshika ukurasa. Aliniuliza kama kweli huo ndio mwandiko wa Baba. Hakuwahi kuuona. Alipitisha kidole juu ya penseli bila kuigusa, ndugu yangu huyu anayetaka kila kitu kibomolewe, kisha akatoka nje kwenda kutafuta mawe mengine ya kuwekea paa.

Ijumaa, 6 Mei

Mama amenieleza wakati tunachambua mboga. Nilidhani nitamlazimisha, kumbe alikuwa akingoja aulizwe, miaka yote hii.

Baba alifanya mtihani wa makarani mara tatu. Wakati ule hata matarishi waliruhusiwa, wakubwa wao wakiwasainia fomu. Shule yake iliishia darasa la nne kule Busia, na Kiingereza alikijua cha kupokea amri tu. Hakutaka tujue. Alifikiri tukijua kwamba baba hajui, tutaacha kumheshimu au tutaacha kusoma.

Nilimuuliza basi alikuwa anatupima vipi.

"Hakuwa anawapima," Mama alisema. "Alikuwa anasoma. Ninyi ndio mlikuwa walimu."

"Na 'Rudia' je?"

"Akisema rudia, ni yeye hajashika."

Nilishika sukuma mkononi nikashindwa kuikata. Miaka ishirini nimeamini kwamba nilikuwa nakosea.

Kisha nikamuuliza kuhusu mfuko wa waziri, maana hilo halikuniacha nilale. Mama alicheka, machozi yakamtoka wakati uo huo. Baba aligundua ofisini, alipomwambia karani mmoja maana ya bajeti, na ofisi nzima ikamcheka kwa wiki. Alirudi nyumbani akamsimulia Mama. Mama akamwambia anirekebishe. Akakataa. Alisema, "Nikimwambia amekosea, kesho ataogopa kusimama pale." Wala hakuifuta.

Mara ya tatu alikosa kwa alama chache. Baada ya hapo hakujaribu tena, na usomaji wa ukutani ukaisha bila sisi kuambiwa kwa nini. Mimi nilidhani tumekuwa wakubwa.

Jumatatu, 9 Mei

Mulama ameleta mabati mawili yaliyotumika na misumari. Hazungumzii tena kubomoa. Magazeti ya Baba tumeyabandua kwa mvuke wa birika, moja moja, tukayatandaza chini ya godoro la Mama.

Mpango mpya: gundi juu tu.

Jumatano, 18 Mei

Upepo unapita. Nalala na sweta mbili. Nimesoma kurasa zote za nyuma za wiki nzima.

Jumamosi, 4 Juni

Mvua imepungua na baridi imeingia. Kila jioni sasa nasimama ukutani kabla ya ugali. Nasoma habari moja kwa Kiingereza, kisha naieleza kwa Kiswahili, maana nimegundua kwamba nisichoweza kumweleza Mama sikijui. Mama anaketi kitandani. Mulama anajifanya anatengeneza redio. Mukami akija naye anasimamishwa, na Mama hana huruma naye. Jana alimuuliza mashirika haya yenye majina ya herufi yanakula nini hasa, Mukami akababaika, na wote tulicheka.

Ijumaa, 17 Juni

Kombe la Dunia linaanza leo Marekani. Mulama amebandika ratiba katikati ya Ulimwengu, gundi juu tu, bila kuambiwa.

Jumamosi, 25 Juni

Nimerudi. Tulikuwa mamia, ukumbi umejaa hadi kwenye korido, kila mtu na penseli mbili na kitambulisho. Msimamizi alisoma tarehe yangu ya kuzaliwa, akanitazama, akaisoma tena, akanipitisha.

Matukio ya Sasa ilikuwa ya mwisho. Swali la nne: taja mambo mawili ya katiba mpya ya Afrika Kusini, na idadi ya lugha rasmi. Nilifumba macho. Nikaona ukuta wa mlango, safu ya pili, picha ya foleni, nakala ile ya pili ambayo Mukami aliiomba kwa jirani yao baada ya mvua. Nikaiinua kwa mkono, kweli mkono wangu uliinuka pale mezani, na nyuma yake nikazikuta lugha zote kumi na moja. Aliyeketi mbele yangu aligeuka akadhani naomba karatasi.

Rwanda pia iliulizwa. Niliandika nilichojua, bila mapambo.

Swali la mwisho lilitaka tueleze bajeti ya serikali kwa mtu asiyeijua. Hapo niliweka kalamu chini kidogo. Kisha niliandika kurasa mbili, na nadhani sijawahi kuandika vizuri namna ile. Nilikuwa namwandikia mtu mmoja, aliyevaa kaki.

Jumatano, 20 Julai

Thelathini. Mama amepika chapati. Hakuna barua.

Jumatano, 3 Agosti

Hakuna barua. Baridi.

Ijumaa, 19 Agosti

Barua imekuja. Mukami alipata yake Jumatatu, ya kumshukuru kwa kujaribu, na bado leo ndiye aliyekimbia kutoka posta na yangu baada ya kuiona bahasha ya serikali kwenye sanduku la barua la kanisa, ambalo ndilo tunalotumia. Ana miaka ishirini na sita, atarudi tena mwakani. Ameniomba ukuta, nikamwambia ni wake.

Sikuifungua njiani. Mama alikuwa uani anaanika nguo, Mulama yuko zamu ya usiku kwa hiyo alikuwa nyumbani, amelala. Niliwaita chumba cha nyuma wote. Mama alifuta mikono akaketi kitandani. Mulama akaegemea mlango, jicho moja limefunguka. Nilisimama mahali pangu, kati ya dirisha na mlango, mgongo ukiwa kwa magazeti yanayochezacheza.

Nilisoma kwa Kiingereza, yote, pamoja na nambari ya faili. Mama hakuelewa neno. Alinitazama midomoni.

Kisha nikaeleza kwa Kiswahili. Kwamba Triza Nekesa Wabwire amefaulu mtihani. Kwamba ameajiriwa karani wa serikali, na aripoti ofisi ya wilaya, Maralal, mbali huko kaskazini, tarehe 3 Oktoba, bila kukosa.

Niliona mikono ya Mama iko juu ya magoti, yote miwili.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.